Nani Atamvaa Bibi Mosi?

Hamburg, Ulaya
12 Novemba 1908

Kwa binamu yangu Mwanaheri, mwenye masikio kama majani ya magimbi,

Salamu kwanza, halafu tusi. Kumbe tusi nimeshalitanguliza, basi pokea salamu. Sisi ni watani, na barua ya mtani isiyo na tusi ni barua ya karani wa boma.

Mimi sijambo. Baridi ya huku niliposimuliwa nilidhani ni hadithi ya kutishia watoto, sasa naivaa mchana kutwa. Nisalimie shangazi, mama yako, na umwambie nimejifunza kula viazi bila kulalamika. Bibi mpe shikamoo yangu ukiwa umepiga magoti, maana wewe magoti yako hayana kazi nyingine. Najua kabla hajauliza kama nakula atauliza, "Na miguu?" Mwambie miguu haijambo.

Nina kazi. Nafanya kazi katika nyumba ya michezo ya kuigiza, ambamo watu wanalipa ili wawatazame wenzao wakilia uongo. Mimi ndiye mvuta pazia. Usicheke.

Sasa sikia. Wamekuja Wajapani, wale watu wa mashariki ya mbali waliowapiga Warusi vitani, habari zao zilifika hata Morogoro. Wana kijana mwanamke mzuri ambaye kila jioni anakufa kwa kisu mwishoni mwa mchezo, na Wazungu wanakuja kumwona yeye. Lakini nyuma yake yuko bibi mmoja, jina lake Otsune. Mimi namwita Bi Tsune. Ana taya pana na macho madogo, na kazi yake ni kuwa mama wa yule msichana. Kesho yake ni yaya, keshokutwa ni mwombaji wa barabarani. Msichana akifa, Bi Tsune hapigi kelele. Anaumauma upindo wa nguo yake, basi. Na hapo ndipo ukumbi mzima unatoa vitambaa.

Mwanaheri, nilipomwona mara ya kwanza kamba ilinitoka mkononi. Nilimwona Bibi yetu Mosi akiwa msibani, amevaa kanzu ya marehemu na kofia yake, anamwigiza alivyokuwa, watu wanalia na kucheka kwa pamoja. Nilidhani kazi ile ipo kwetu milimani tu.

Kijerumani chake kibovu, changu kibovu zaidi, ndiyo maana tunaelewana. Niandikie.

Mimi, Pazi, aliyekushinda kila kitu isipokuwa masikio.

*

Towero, juu ya Morogoro
4 Februari 1909

Kwa Pazi mvuta pazia,

Mungu hakukosea, jina lako lilikuwa limepungukiwa herufi moja tu, na sasa umeipata. Ulipanda meli na bwana wako Mzungu kwenda kuwa mtu mkubwa, umeishia kwenye kamba kama mbuzi. Halafu huyo bwana wako hukumtaja hata kidogo. Hajambo?

Sisi tuko. Mahindi ya vuli yalikubali. Mama anakusalimu. Bibi nilimsomea barua yako akiwa anapukuchua maharage. Nilipofika pale pa kuumauma upindo akaacha maharage. Akasema, "Nisomee tena hapo." Halafu akasema, "Huyo anajua kazi." Jina limemshinda, anamwita Bi Tunu. Anamuuliza hali, anauliza ameanza lini, na anauliza, "Na miguu yake?"

Miguu ya Bibi mwenyewe sasa ni taabu, hasa goti la kushoto. Ndiyo maana mwezi uliopita alinituma mimi. Mzee Kibwana wa Bigwa alifariki, yule wa kigugumizi. Ukoo wake na wetu ni watani tangu zamani, kwa hiyo ni juu yetu kumvaa. Bibi akasema, "Nenda wewe. Mimi nimewavaa watu wa milima hii tangu sijapata mtoto, na sasa sitaki kubebwa kwenda kazini."

Nikaenda. Nikavaa kanzu yake na kofia, nikatoka uani, nikaanza, "M-m-m-m-m..." Watoto wakacheka. Nikazidisha. Nilizidisha mpaka mate yakanitoka. Nikaona mjane wake, Mwajuma, anainuka taratibu, anaingia ndani na kufunga mlango. Vicheko vikakatika. Nilisimama katikati ya ua na kofia ya marehemu kichwani, sijui niende wapi. Pazi, niliona haya mpaka nikatamani nizikwe mimi.

Bibi alipopata habari hakunigombeza. Alisema tu, "Ulivaa kigugumizi. Hukumvaa Kibwana." Baadaye jikoni akasema kama anayeongea na chungu, "Na mimi je, nikifa nani atanivaa?"

Unajua maana yake. Mtu wa kwetu asipovaliwa huzikwa nusu. Yeye amewavaa wote, na mjukuu anayemtania wa karibu ni mimi, wewe uko huko na kamba yako. Nami siwezi. Nimeapa sitavaa tena kanzu ya mtu. Usinijibu kwa mzaha katika hili.

Mwanaheri, ambaye masikio yake yamesikia mengi.

*

Hamburg
16 Machi 1909

Kwa Mwanaheri mwapaji,

Umeapa! Mtu ambaye hata ahadi ya kunirudishia jembe langu la utotoni hajaitimiza. Nyamaza usikie.

Salamu kwa wote. Mimi mzima, theluji imeanza kuyeyuka, na mji wote ni tope kama njia ya Towero wakati wa masika, ila hapa hawana haya ya kuteleza.

Nilimweleza Bi Tsune habari ya Mzee Kibwana, na hata kukuigiza wewe nilikuigiza. Akacheka. Halafu akaacha kucheka akauliza, "Neno gani lilikuwa linamshinda?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwambie dada yako alitafute. Mwenye kigugumizi hapendi kugugumia. Analiona neno linakuja kwa mbali kama nyoka njiani, naye anapita kando. Amwigize anavyopita kando." Nimeandika vilevile alivyosema, sijaongeza chumvi.

Bibi aliuliza ameanza lini. Baba yake alikuwa msuka viatu vya majani. Alipokuwa mtoto nchini kwao wanawake walikatazwa kucheza jukwaa moja na wanaume, kwa hiyo aliingia kundi la wanawake peke yao lililotembea vijijini. Hakuwa mzuri wa sura, wakampa kazi ya kubeba taa. Alipofika miaka kumi na saba, mama mmoja aliyekuwa akicheza ajuza aliugua, wakamsukuma yeye. Siku hiyo alipotoka nje hajanawa rangi usoni, mzee mmoja mlangoni akampisha njia, akainama kumheshimu. Tangu hapo hajacheza msichana hata mara moja. Ukumbi wao umeungua mara mbili, mume amemzika, vita vimepita, yeye ni ajuza tu. Ameniambia, "Uzee wenyewe uliponijia, nilikuwa nimeshauzoea."

Sasa shida yangu. Mchezo wao mpya una bibi wa mlimani, naye Bi Tsune anautafuta mwendo wake. Nikasema, hilo niachie mimi, bibi yangu ni wa mlimani. Nikamwonyesha Bibi Mosi anavyoteremka na tenga. Nilijitahidi, binamu. Akanitazama sana, akasema, "Huo si mwendo. Huo ni mtikisiko. Huyu bibi ulimjua ukiwa mgongoni mwake. Hujawahi kumwona kwa mbele."

Nilibisha. Usiku nikakubali. Ni kweli. Nilipokuwa mdogo alinibeba. Nilipojua kukimbia, nilikimbia mbele mpaka mtoni kutupa mawe, na sikugeuka hata siku moja kumtazama anavyokuja.

Kwa hiyo mtazame wewe, uniandikie. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe nakuambia, maana umejaliwa masikio tu.

Pazi.

*

Towero
20 Mei 1909

Kwa Pazi wa mgongoni,

Ndiyo maana ulichelewa kutembea. Bibi amecheka mpaka ugoro ukamwagika. Anasema huyo Bi Tunu ni mchawi, maana ulibebwa mpaka majirani wakaanza kusema.

Tu wazima wote. Masika yamekata njia ya mtoni mara mbili. Bwana wako hajambo? Nauliza mara ya pili.

Neno la Mzee Kibwana nimelipata. Nilikwenda Bigwa na kapu la maharage, nikamwomba radhi Bi Mwajuma, akanikaribisha kwa baridi. Nikamuuliza, "Mama, neno gani lilikuwa linamshinda marehemu?" Akakoroga chungu kwa mwiko, kisha akasema, "Jina langu. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniita Mwajuma. Aliniita We Wangu." Na mbuzi hakuweza kusema mbuzi. Alisema mwenye ndevu. Maji aliyaita yale ya kutiririka.

Tukaongea mengine. Nilipoinuka kuondoka, nikiwa mlangoni, bila kanzu, bila kofia, sijui nini kilinituma. Nikageuka, nikatazama kando kidogo kama alivyokuwa akitazama akiliona neno linakuja, nikasema, "We Wangu... mwenye ndevu amefungwa?"

Mwiko ulimtoka mkononi. Alicheka, Pazi, alicheka akakaa chini, akalia, akajifuta na kanga. Kisha akaniambia, "Sema tena."

Nimekwambia. Tusiseme zaidi, kiapo changu bado kipo.

Sasa mwendo wa Bibi. Nimemfuata siku tatu za gulio, akashtuka, akasema, "Mbona unanitazama kama unayetaka kuninunua?" Nikamweleza. Tangu hapo anateremka kwa madaha, ikabidi nimvizie.

Kabla ya kushuka anagonga kikopo cha ugoro kwenye ukucha wa dole gumba, anavuta pua ya kushoto tu. Anaweka kata kichwani, juu yake tenga la ndizi, halishikwi na mkono. Hashuki kwa kunyooka kama sisi. Anaupa mlima ubavu, mguu wa kulia unatangulia kukingama, vidole vinashika udongo, ndipo anamwita wa kushoto. Nasema anamwita kwa sababu anaongea na lile goti bovu kama mama mkwe na mkamwana mvivu: "Haya njoo. Njoo mama. Unangoja nani?" Miguu inagombana hivyo njia nzima, lakini kichwa hakitikisiki. Shingo imetulia na uso umetulia, kama vile ugomvi wa huko chini ni wa nyumba ya jirani.

Hilo la kichwa sikuwa nimeliona maisha yangu yote, na ninaishi naye.

Mwanaheri.

*

Berlin
2 Agosti 1909

Kwa Mwanaheri mvizia vikongwe,

Salamu za jasho, maana huku nako kumbe kuna joto. Tumehamia Berlin na Wajapani, wameniajiri kubeba masanduku yao, na jioni kuvuta pazia. Baba yangu alikimbia upagazi wa misafara, mimi nimeufuata kwa treni. Sema unachotaka.

Barua yako nilimfasiria Bi Tsune neno kwa neno. Pale pa kichwa kisichotikisika alinyanyua mkono ninyamaze. Akafunga macho. Kisha akachukua beseni la kunawia, akaliweka kichwani, akapanda ngazi za nyuma ya jukwaa, akashuka. Akapanda tena. Wenzake walikwenda kula wakarudi wakamkuta bado anashuka, anagombana na goti lake kwa Kijapani.

Juzi aliutoa mwendo huo mbele ya watu. Wametengeneza kilima cha mbao. Akatokea juu na kuni kichwani, akagonga kikopo kwenye ukucha. Mwanaheri, nilijua ni mbao, nilijua ni Mjapani, na bado mdomo wangu ulianza kusema shikamoo. Mzungu mmoja mwanamke safu ya mbele alinyoosha mikono yote miwili kama anayetaka kumdaka asianguke. Na kesho yake gazeti, baada ya kumsifu msichana wa kisu, likaandika mistari miwili juu ya yule bibi. Bi Tsune ameniambia nimsomee mara ngapi sijui. Miaka zaidi ya arobaini jukwaani, na hakuna gazeti lililowahi kumwona. Msomee Bibi habari hii polepole. Ni yake.

Lakini Bi Tsune ana swali moja. Anasema, "Nimeteremka. Sasa nikifika chini, huwa anafanya nini?" Ningejuaje? Mimi nilikuwa mtoni natupa mawe.

Nijibu upesi, mkia wa mbuzi we.

Pazi.

*

Towero
9 Oktoba 1909

Kwa ndugu yangu mpenzi Pazi,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Sisi huku tunamshukuru Mungu kwa kila hali. Mvua za vuli hazijaanza. Mama anakusalimu sana.

Tumeipata barua yako na tumefurahi. Tafadhali jitunze na baridi inayokuja, na usikose kula. Nitakuandikia tena Mungu akipenda.

Mimi nduguyo akupendaye,
Mwanaheri.

*

Berlin
14 Novemba 1909

Mwanaheri,

Nimeisoma barua yako nikatafuta tusi. Nikaigeuza nyuma, nikatazama hata ndani ya bahasha. Hakuna. Umeniita ndugu mpenzi. Umeniambia nijitunze. Tangu tuko chuoni kwa mwalimu tukichorana migongo kwa wino hujawahi kunitakia heri hata siku moja.

Na salamu ya Bibi haimo. Wala "Na miguu?" haimo.

Basi nimeelewa. Usiniambie kama hutaki. Nimelia kwenye masanduku ya Wajapani, ambako hakuna anayenijua.

Bi Tsune alinikuta. Akaiona barua, akauliza, "Limo tusi?" maana huwa namfasiria yote. Nikasema halimo. Alikuwa keshavaa nguo za mlimani na rangi usoni. Akakaa chini kwenye sakafu kando yangu mpaka alipoitwa. Kisha akapanda kilima cha mbao, akateremka. Alipofika chini, kwa kuwa jibu lako halikuja, hakuwa na la kufanya. Akasimama tu, kichwa kimetulia.

Sijui barua hii itakukuta siku ya ngapi ya msiba. Najua itachelewa. Lakini kama hujamvaa, binamu, achana na kiapo. Uliniandikia mwenyewe anavyoteremka. Mtu anayeweza kuandika vile hawezi kuniambia hawezi.

Pazi.

*

Towero
20 Novemba 1909

Kwa Pazi, mwizi wa ndizi za watu, mwenye miguu ya korongo,

Umeona? Nimerudi. Sasa kaa chini.

Bibi Mosi alifariki mwishoni mwa Ramadhani, alfajiri, mikononi mwa mama, bila mateso makubwa. Nilikuficha. Nilikaa na kalamu nikafikiri, Pazi akisoma haya peke yake ugenini, nani atamshika? Kwetu mtu hapewi habari ya msiba mpaka kuwe na watu wawili nyuma yake. Nikaandika upuuzi ule wa heshima, nikajua utakuumiza vilevile, nikautuma. Tena nilikuwa na sababu nyingine. Nilitaka nikikupa kifo nikupe na kitu cha kukishikia, na nilikuwa sijakipata.

Barua yako ya kilima cha mbao aliisikia. Nilimsomea polepole kama ulivyotaka, alikuwa hainuki tena. Akasema, "Basi nimefika Ulaya, na meli sikupanda." Akacheka. Nikamuuliza lile swali la Bi Tunu, kwamba akifika chini hufanya nini. Akasema, "Mwambie nafika." Nikasema, baada ya kufika? Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unanitazama. Unaniuliza mimi?"

Siku ya mazishi sikuweza. Watani walikuja, wakatania sanda, wakadai kaburi ni jembamba kwa ukubwa wa mdomo wake. Kila mtu akanitazama mimi, nami nikatazama chini. Nani alimvaa? Hakuna. Nilirudi nyumbani na hilo kifuani. Bibi yetu, aliyewavaa wote, amezikwa nusu kwa ajili yangu.

Zikabaki siku za arobaini, nafasi ya mwisho ya kumvaa. Nikachukua shuka lake jeusi la kaniki, kata yake, kikopo cha ugoro. Nikaenda juu kwenye njia, mahali pasipo na watu, nikateremka. Siku ya kwanza nilianguka. Nilikuwa nateremka kama mzee. Nikakumbuka, yeye hakuteremka kama mzee, aliteremka kama mtu anayewahi gulio na goti halitaki. Nikaanza kumgombeza yule mkamwana mvivu. Kichwa kikatulia chenyewe.

Arobaini ilifika. Watu walitoka Bigwa, walitoka mjini, hata Bi Mwajuma alikuja. Baada ya hitima, wakati wali unapakuliwa, nikatokea upande wa juu wa nyumba, pale njia inapoingia uani, na tenga kichwani. Nikagonga kikopo kwenye ukucha. Nikasikia mama anasema, "Ee Mola." Nikaupa mlima ubavu. "Haya njoo. Njoo mama. Unangoja nani?" Wakaanza kucheka, Pazi, ule ucheko wa koo lililojaa. Mama anacheka, machozi yanamtoka, anapiga paja lake.

Nikafika chini, na mwili wangu ukageuka. Hapo ndipo nilipojua jibu. Akifika chini anageuka, anautazama mlima, anangoja wa nyuma wafike. Kila gulio, kila safari ya kuni, alitangulia yeye na tenga lake, na hakuwahi kuondoka chini mpaka mtu wa mwisho amefika. Nilimwona mara zote nikidhani anapumzika.

Basi nikageuka, nikautazama mlima, nikangoja. Mzee Mwinjuma, ambaye tangu utoto wake alishuka na mama yake nyuma ya Bibi, mwenye mvi kichwa kizima, akasimama na sahani ya wali mkononi. Akasema kwa sauti ya kitoto, "Shikamoo, Bibi. Nipo, nakuja."

Mzee yule, kunipa mimi shikamoo.

Nikasema, "Marahaba. Na miguu?"

Sikumbuki nani alianza kupiga vigelegele. Bi Mwajuma ndiye aliyenivua kaniki, akanishika mkono na kuniambia, "Sasa kazikwa." Watu wa ukoo wa Kibwana wameshaniita kwa msiba mwingine. Nimesema nitakwenda.

Mwambie Bi Tunu jibu ndilo hilo. Na mara ya tatu na ya mwisho, bwana wako hajambo?

Mwanaheri.

*

Dar es Salaam
11 Machi 1910

Kwa Mwanaheri, Mungu aniepushe nawe,

Angalia mahali nilipoandikia. Niko kwa mjomba Rehani, nyuma ya soko. Nimeteremka jana kutoka melini, ambako nilisukuma makaa mpaka nikawa mweusi kuliko moyo wako.

Bwana wangu aliniacha mwaka ule ule wa kwanza. Alipata kazi mahali pengine, akanipa koti, akaondoka. Nilizoa theluji barabarani kabla ya kupata lile pazia. Nilikaa kimya kwa sababu niliondoka Morogoro kwa ngoma na vigelegele, na niliona haya kurudi na koti tu. Mara tatu umeuliza, hilo ndilo jibu, na ukinicheka mbele ya watu nitawaambia habari ya jembe.

Barua yako ya arobaini nilimsomea Bi Tsune wakiwa wanafungasha kurudi kwao. Ilikuwa imebaki jioni moja ya mchezo. Akateremka kilima. Akafika chini. Akageuka, akautazama mlima, akangoja. Kamba ya pazia ilikuwa mkononi mwangu na nikasahau kuvuta. Bwana mkubwa wa nyumba ile alinikemea kwa mikono, mimi simwoni. Yule bibi anangoja tu, na watu wanangoja naye.

Baadaye nikamwomba radhi. Hakukasirika. Akafuta rangi usoni, akasema, "Umeona anamngoja nani?" Nikasema, wa nyuma. Akasema, "Waliokuwa nyuma wote wamefika. Amebaki yule aliyekimbia mbele na hakugeuka." Kesho yake nikarudi Hamburg, nikaenda bandarini kutafuta kazi ya makaa.

Tulipanda meli moja, tukaachana Port Said. Anakwenda kwao, kuna kundi la vijana limemwita awafundishe, na bado atacheza, anasema goti lake ndiyo kwanza limekolea. Milima haikutani, binadamu hukutana, ingawa yeye na mimi sijui. Aliniaga kwa kuinama, nami nikampa shikamoo ya magoti pale pale sitahani, mabaharia wanacheka. Aliniuliza kwa Kiswahili, neno moja moja kama nilivyomfundisha: "Na miguu?"

Nitapanda treni Jumamosi ijayo, nitafika Morogoro jioni. Usije na watu wengi.

Pazi, sasa bila pazia.

*

Towero
15 Machi 1910

Kwa Pazi wa koti,

Nimecheka tayari, peke yangu, kwa hiyo mbele ya watu utapumzika. Jembe lako lipo, mpini umeliwa na mchwa.

Mama amefunga jogoo. Kaburi la Bibi tutakwenda Jumapili asubuhi, na mlimani hutakimbia mbele, utashuka na sisi.

Jumamosi nitakuja stesheni peke yangu. Nitakuja na kaniki na tenga, kwa njia ile ya juu inayoangalia reli. Ukishuka usianze kushughulika na sanduku lako. Simama, inua uso. Safari hii utamwona kwa mbele.

Mwanaheri.